Safisha Mpaka Pembeni

"Nisafishe yote?" Kahambu aliuliza bila kuinua macho.

"Yote, mama. Safisha muzuri, mpaka pembeni," alijibu mteja. "Iko na uchafu sana. Telefone inaikataa tangu juzi."

Kadi yenyewe, ya kumbukumbu ya simu, ilikuwa ya mega mia tano na kumi na mbili, ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, na kuukuu kiasi kwamba maandishi yake yalikuwa yamekwisha kufutika. Kahambu aliisugua kwa pindo la kitenge chake, kama alivyozisugua zote, kisha akaichomeka kwenye mashine. Ikafunguka mara moja. Ndani mlikuwamo faili moja tu, ya dakika nne, jina lake tarakimu tupu. Hakuisikiliza. Watu huacha takataka nyingi kwenye kadi, na mwenye mali alikuwa ameshasema yote. Akabonyeza, akathibitisha, kadi ikawa tupu.

Ndipo alipomtazama yule mama. Alikuwa mtu mzima, amejitanda mtandio wa kijani, nyuzi za cherehani zimemnasa kwenye mikono ya gauni. Alisimama kwa adabu pembeni ya kibanda, huku baiskeli za toleka, zile za kubeba abiria, zikimpigia kengele apishe njia. Kahambu alimhurumia, au alikumbuka kwamba zamani angemhurumia, na siku zile kwake mambo hayo mawili yalikuwa sawa tu. Akachagua kaswida, moja baada ya nyingine, akazimwaga kwenye kadi mpaka ikajaa. Ya mwisho ilikataa kuingia, nafasi imekwisha. Akaiacha.

"Bon, iko safi. Na nimekuongezea kitu kidogo. Ile ya juu ni zawadi."

"Mungu akulipe, mwanangu," mama yule alisema, akaifunga kadi kwenye ncha ya leso na kushika njia ya mtoni.

Kahambu alihesabu miaka kwa kadi, kama mkulima anavyohesabu kwa mavuno. Mwaka wa mega mia moja ishirini na nane alikuwa bado msichana kule Butembo, na kadi ya namna hiyo alikuwa nayo padri, basi. Mwaka wa mega mia mbili hamsini na sita Eddy alimwoa. Mwaka wa giga moja walishuka Kisangani na katoni mbili za simu za Kichina, na giga moja ilikuwa na bei ya mbuzi. Mwaka wa giga mbili, bei ya kuku. Sasa ulikuwa mwaka wa giga nne, na kadi ambayo zamani mtu aliifungia kabatini iliuzwa kwa bei ya mkate wa muhogo, chikwangue, na samaki wawili. Mega na mega hujaza giga, wateja walimtania, wakanunua kubwa na kutupa ndogo zao kwenye kopo lake la maziwa bila hata kuuliza zingefanywa nini.

Ni katika mwaka ule wa giga mbili Eddy alipopanda lori kwenda upande wa Beni kumchukua mama yake, maana vita vilikuwa vimekaribia kijiji. Alisema wiki tatu. Miezi minane ilikuwa imepita. Mwanzoni Kahambu alipiga namba yake kila asubuhi, akamsikiliza yule mwanamke wa kwenye simu akieleza kwa Kifaransa kwamba mtu hapatikani. Baadaye akapiga Jumapili kwa Jumapili. Baadaye akaacha. Hakulia. Wenzake wa kanisani walimsifu kwamba ana moyo mgumu, nao hawakujua walisemalo. Moyo haukuwa mgumu. Ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa. Mguu wa ganzi hauumi. Huuma pale unapoanza kuamka, na Kahambu hakuwa na haraka nao.

Mama wa mtandio alirudi jua likiwa utosini. Viatu vyake vilikuwa vimelowa maji ya mtumbwi. Alikuwa ameshavuka mto kwenda kwake Lubunga, akavuka tena kurudi. Aliweka simu mezani. Kaswida ilikuwa ikilia.

"Mutoto yangu iko wapi?" aliuliza.

Kahambu hakuelewa. "Mutoto gani, mama?"

"Aboubakar. Alikuwa ndani ya carte."

"Ulisema nisafishe yote."

"Nilisema safisha. Sikusema futa." Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayeeleza njia. "Ile pahali ya dhahabu ya carte ilikuwa na vumbi. Jirani alisema ni vumbi, wanapangusa, inasikika tena. Nilikuambia mpaka pembeni, sababu pembeni ndiko vumbi inakaa."

Kwenye meza za kadi za mji mzima, kusafisha ni kufuta: virusi, picha za bwana wa zamani, nyimbo zilizochosha, vyote. Hakuna fundi ambaye angeelewa vingine. Na hakuna mama wa nyumbani ambaye angeelewa hivyo, kwake kusafisha ni kitambaa na maji. Neno moja, watu wawili, na katikati yao mtoto amepotea.

"Kaa, mama," alisema, akampisha kwenye kiti chake mwenyewe.

Jina lake lilikuwa Nyota, mshonaji wa Lubunga. Mwanawe alikuwa utingo wa lori la mizigo lililokwenda mashariki. Huko ambako mtandao ulikuwa umekatwa, madereva walibebeana barua za sauti: mtu anarekodi maneno, anachomoa kadi, anaifunga kwenye karatasi ya sigara, na dereva anayerudi anaipeleka. Kadi ya Aboubakar ilifika siku ya Jumanne. Jumanne iliyofuata ikaja habari kwamba lori lao limechomwa njiani, na hakuna aliyepatikana wa kuzikwa.

"Alisema nini?" Kahambu aliuliza.

"Upuuzi." Nyota alikaribia kutabasamu. "Bei ya ndizi. Viatu vyake vimepasuka. Eti dereva anakoroma kama moteri. Ni mutoto wa kujisahau, alikuwa anarekodi lakini anaongea kama iko kwa simu. Anauliza swali, ananyamaza, anangoja nijibu." Akapangusa kioo cha simu kwa kidole gumba. "Na mimi nilikuwa najibu. Kila siku, saa ya kufunga cherehani."

Kahambu hakusema pole. Neno hilo lilikuja mpaka kwenye ulimi, akaliona jepesi mno. Alichomoa kadi, akafunga kibanda mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya hata siku Eddy alipoondoka, na wakaenda kwa Évariste.

Évariste alikuwa fundi wa kompyuta, mwenye chumba kimoja kilichojaa mashine zilizofumuliwa matumbo. Alisikiliza kisa chote, akaivuta miwani puani.

"Umeongeza miziki juu yake?"

"Ndiyo."

"Ngapi?"

"Mpaka ikajaa."

"Ah, Kahambu." Akatikisa kichwa. "Ukifuta tu, kitu kinabaki kimelala chini, mashine inasahau tu jina yake. Kama ingekuwa carte ya giga ine, miziki ingekaa mbele, mutoto angebaki kule nyuma amelala. Lakini hii kidogo hii? Umemwaga mpaka kwa kifuniko. Nani alikutuma kuwa na roho nzuri?"

Maji yakimwagika hayazoleki, wahenga walisema, ila wahenga hawakuwa na jenereta. Évariste aliwasha lake, akaiacha mashine ichimbe. Wanawake wawili walikaa kwenye benchi. Mvua ilikuja ikapiga mabati, ikaondoka. Nyota alitoa sindano mfukoni akamshonea Kahambu kifungo kilicholegea, bila kuulizwa, kwa sababu mikono yake haikujua kukaa bure.

"Bwana yako iko wapi?" aliuliza, akikata uzi kwa meno.

"Alikwenda Beni. Miezi nane."

"Uko na sauti yake?"

"Nauza carte miaka yote hii, mama, na sina hata sekunde moja yake. Hakupenda kurekodiwa. Na mimi nilisema, iko hapa, nirekodi ya nini?"

Nyota aliinamisha kichwa, akarudisha sindano mfukoni.

Magharibi ilipokaribia Évariste aliwaita. Pale mwishoni kabisa mwa kadi, kwenye kipande ambacho kaswida ya mwisho ilikataa kukikalia, alikuwa ameokota kitu. Hakikuwa na kichwa wala miguu. Ilimbidi akishonee kichwa cha faili nyingine ili kisikike. Urefu wake sekunde kumi na moja.

Kulikuwa na mngurumo wa lori. Mtu alicheka kwa mbali. Kisha sauti ya kijana, karibu sana, imejaa usingizi na vumbi: "...donc usihangaike. Mama? Uko unanisikia?" Kimya kidogo, lori likinguruma. "Mama?"

"Nasikia, papa," Nyota alisema, kama akina mama wa kule wanavyomwita mtoto wa kiume.

Évariste alijifanya anatafuta bisibisi. Naye Kahambu aliona wivu, wivu mtupu, mchungu, kwa ajili ya sekunde kumi na moja za mtoto wa mwenzake, sauti ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeifuta. Akaona haya. Hata hivyo lilikuwa jambo la kwanza kulihisi kwa miezi mingi.

"Nitakupa carte mupya," alisema. "Giga ine. Itakaa humo peke yake."

Nyota aliiangalia ile kadi mpya, nyeusi, isiyo na hata mkwaruzo. "Na hii, haifi?"

Kahambu angeweza kudanganya. Fundi yeyote angedanganya. "Inakufa, mama. Zote zinakufa. Maji inaingia, ama mwizi anabeba telefone, ama mwaka kesho inatoka ya giga nane na watu wanatupa hii kwa kopo."

"Basi weka pahali haiwezi kupotea."

"Iko pahali moja tu. Kwa watu. Nikiweka kwa carte ya kila mutu, mingi mingi, yote haitakufa siku moja. Lakini watu watamusikia, mama. Watu wenye haujui."

Nyota aliichukua kadi ile, akaigeuza kiganjani. Nje muuza ndizi za kuchoma, makemba, alikuwa akiita wateja.

"Aboubakar alikuwa mutoto wa watu," alisema mwishowe. "Nyumbani hakukaa. Weka."

Basi Kahambu akaweka. Tangu siku ile, kila aliyekuja kujaziwa nyimbo, awe mwanafunzi, askari au mama muuza majani ya muhogo, pondu, aliondoka na sekunde zile katikati ya rumba na nyimbo za kanisa, kama chembe ya mchele kwenye gunia. Hazikuchukua nafasi yoyote. Nafasi ilikuwa imekuwa rahisi kuliko chumvi. Waliorudi kuuliza ni nani yule anayemwita mama yake aliwajibu kwamba ni mtoto wa Lubunga, nao wakaridhika, kwa maana kila mtu alikuwa na mtoto wa mahali fulani. Na jambo jingine lilibadilika kwenye meza yake. Hakuuliza tena kama asafishe. Aliuliza, "Kuna mutu ndani?"

Giga nane zilipofika, kama alivyotabiri, giga nne zikashuka mpaka bei ya chikwangue bila samaki. Ilikuwa Jumamosi. Kahambu alifunga mapema avuke kwenda Lubunga kuchukua gauni alilomshonesha Nyota. Mtumbwi ulijaa: baiskeli mbili, gunia la makaa, kuku waliofungwa miguu, na abiria waliobanana kiasi kwamba alikaa amekunja mguu mmoja chini yake tangu ukingoni. Mbele yake aliketi mama mmoja mwenye beseni la samaki, asiyemfahamu. Kijana wa nyuma alikuwa na simu kwenye mfuko wa shati, imefunguliwa sauti mpaka mwisho, rumba inapasuka ndani ya kispika kidogo.

Katikati ya mto rumba iliisha. Lori likanguruma juu ya maji. Mtu akacheka kwa mbali.

"...donc usihangaike. Mama? Uko unanisikia?"

Hakuna aliyegeuka. Kasia liliingia majini, likatoka.

"Mama?"

"Nasikia, papa," alisema yule mama wa samaki, akiendelea kufukuza nzi kwenye beseni. Hakuwa amemtazama mtu yeyote. Labda hakujua kwamba amesema.

Wimbo mwingine ukaanza. Kahambu aliunyoosha taratibu mguu wake uliokuwa umekufa ganzi, kati ya gunia na kuku, nao ukaanza kumchoma.