Rangi Isiyotaka Maji

Ndoo ya kwanza ilimpata mgongoni, ya pili ikamjia usoni, na Papa Anaclet akajua kwamba mwavuli wake ulikuwa wa bure kabisa. Aliutoa Bukavu, mji ambao mvua hunyesha miezi tisa na watu hawaoni ajabu. Lakini mvua ya Bukavu hutoka juu kistaarabu. Maji ya Chiang Mai siku ile yalitoka ubavuni, yakatoka kwenye malori, madirishani, na mikononi mwa mabibi waliocheka bila jino hata moja kinywani.

Mwalimu wake alikuwa amemwonya. Siku tatu za mwaka wetu mpya usitoke nje, alimwambia, watu humwagiana maji ili mwaka wa zamani uondoke na vumbi lake. Anaclet alicheka tu. Mafunzo ya wiki sita ya maabara, yaliyotolewa kwa Kifaransa, yalikuwa yamekwisha, treni ya Bangkok ilikuwa ya jioni, na kesho yake ndege. Mtu wa Bukavu atishwe na maji?

Sasa alitishika, na wala si kwa ajili ya ngozi yake, maana ngozi hukauka. Ndani ya shati, juu ya tumbo, alikuwa na bahasha yenye gramu ishirini na tano za unga wa rangi, ule ambao watu wa maabara huipaka damu ili vijidudu vya malaria vionekane kwenye hadubini. Mwalimu aliwagawia wanafunzi kidogo kidogo, na chupa zilipoisha, Anaclet akafungiwa wake kwenye karatasi. Unga huo na maji ni maadui: ukilowa kabla ya kuchanganywa na spiriti, umekwisha. Katika zahanati ya masista kule Kadutu, mtaa wa Bukavu, haukuwepo kwa miezi minane. Miezi minane kila mtoto mwenye homa alipewa dawa ya malaria kwa kukisia, na Anaclet, fundi wa labo kwa miaka ishirini na miwili, alikaa mbele ya hadubini yake mikono mapajani. Wawili kati ya watoto wale hawakuwa na malaria. Hilo lilijulikana wakati hakuna tena la kufanya.

Alipowaona vijana watano wakimjia na pipa, alijikunja juu ya bahasha katikati ya barabara. Kifaransa chake hakikumfaa kitu, Kiingereza hakuwa nacho, basi akapaza sauti kwa Kiswahili cha Kadutu.

"Munimwangie miye, ata mapipa mbili. Lakini hii, hapana. Hii iko ya batoto."

Hakuna aliyeelewa neno. Ila bibi mmoja aliyekuwa ameketi mlangoni alimwona mwanamume mwenye mvi amekumbatia tumbo lake kama mja mzito, akainuka, akawafukuza vijana kwa kitambaa na kumvuta Anaclet ndani.

Watu wa nyumba wakamkalisha kando ya bibi. Kisha wajukuu wakaja kwa magoti, mmoja mmoja, na bakuli la maji yenye maua meupe, wakammwagia bibi mikononi polepole, halafu wakamgeukia yeye. Hapo Anaclet akapumua. Hili alilijua vizuri. Kwao, mgeni akinawishwa mikono, bugali iko njiani. Akasugua viganja, akasafisha kucha, akakung'uta, akainua mikono ikauke, kisha akatazama mlango wa jikoni kwa adabu.

Chakula hakikuja. Wajukuu walibaki kwenye magoti, vichwa chini. Yeye alingoja bugali, wao walingoja kitu asichokijua, mpaka msichana mmoja aliyesoma Kifaransa chuoni akashindwa kuzuia kicheko. Akamweleza kwamba maji yale hayakuwa ya kunawa. Siku hii vijana huwamwagia wazee mikononi na kuomba baraka, na wote walikuwa wanasubiri baraka yake.

Anaclet aliona haya mpaka masikio yakawaka. Padri hakuwa, na watoto wake mwenyewe aliwabariki siku za harusi zao tu. Lakini aliinua mikono yenye maji juu ya vichwa vile, akasema maneno aliyokuwa akiyasema baba yake kijijini Mumosho: Mungu awape miaka, awape watoto, awape ng'ombe. Msichana alitafsiri yote isipokuwa ng'ombe. Bibi alifuta machozi, na baada ya hapo chakula kikaja kweli, tena kingi.

Ikabaki bahasha. Alipoitoa shatini, pembe yake moja ilikuwa imegeuka zambarau. Bibi hakuuliza ni kitu gani. Alileta kopo la mchele mkavu, akaifukia bahasha katikati, akabana kifuniko na kumkabidhi kopo zima. Msichana akaeleza kwamba bibi mwenyewe huzitunza hivyo karatasi zake za kiwanja, kwa kuwa mchele hunywa unyevu. Kisha wakampeleka stesheni ndani ya lori lililofunikwa turubai. Katika haraka ile Anaclet hakuuliza jina la bibi, na kosa hilo lilimuuma mpaka Kinshasa.

Huko Kinshasa mtu wa forodha alisoma pasipoti yake, "Citoyen Mushagalusha", yaani Mwananchi Mushagalusha, maana enzi zile serikali haikuruhusu jina la ubatizo, kama Anaclet, kwenye karatasi, akafungua kopo na kumuuliza kama Zaire imekosa mchele. Domitille, mke wa Anaclet, aliyempokea uwanja wa ndege wa Kavumu, nje ya Bukavu, aliuliza tu mchele utapikwa lini.

Kesho yake Anaclet alikata pembe iliyolowa, akaitupa, akachanganya unga uliobaki na spiriti na gliserini, akauacha siku tatu. Siku ya nne alikuja Colette, muuza sambaza, dagaa wa ziwani, wa sokoni Kadutu, na binti yake Valérie wa miaka minne, homa siku ya pili. Anaclet alitoa tone la damu kidoleni, akalitandaza juu ya kioo, akalipaka rangi, akaosha, akatazama. Alipitia sehemu mia za kioo. Hakuona kitu.

Ama mtoto hakuwa na malaria, ama rangi ilikufa ndani ya bahasha, na rangi iliyokufa nayo haionyeshi kitu.

"Papa, mutoto iko na palu ao hapana?" Colette aliuliza; palu kwao ndiyo malaria.

"Ngoja kwanza, maman."

Kwenye benchi aliketi muzee Cyprien wa Luvungi, akitetemeka ndani ya makoti mawili. Luvungi iko tambarare ya Ruzizi, kwenye mbu wa kutosha: kama rangi haikufa, damu yake ingesema. Anaclet akamtoboa kidole na kupaka rangi damu yake, kisha akangoja nusu saa ambayo hakuwahi kungoja nyingine ndefu kama hiyo. Alipoinamia hadubini, vijidudu vilikuwepo: vipete vidogo vya buluu, kila kimoja na nukta yake nyekundu. Rangi ilikuwa hai. Basi kile kitu ambacho hakukiona kwa Valérie, kweli hakikuwepo.

Akakimbia kwa Sista Eulalie, mkubwa wa zahanati.

"Masœur, ya mutoto haiko palu. Mumuangalie shingo."

Sista alijaribu kukunja shingo ya mtoto, na mtoto akapiga ukelele. Shingo ngumu, homa ya uti wa mgongo: Sista hakungoja kuandika hata neno. Aliomba funguo za jeep.

Anaclet alirudi kwenye kiti chake, akatazama tena vile vipete, na shukrani ikamjaa kifuani mpaka ikatoka yenyewe mdomoni, ikielekea kwa bibi asiyemjua jina.

"Aksanti, maman."

Cyprien alimkodolea macho. "Papa, miye niko nakufa na baridi, na weye unasema aksanti?"

Anaclet alimhesabia vidonge, akamshukuru naye pia, na mzee hakuelewa lolote. Nje, jeep iliwaka mara ya tatu, ikateremka kuelekea hospitali, Colette amempakata mtoto mbele. Beseni lake la sambaza lilibaki sakafuni, na nzi walikwisha kuligundua. Cyprien alilitazama kidogo, meno yakigongana. Kisha akavua koti lake la juu, akafunika nalo beseni.