Weldon Ameanza Kula Managu

Siku tulipomzika mume wangu Kipkosgei hapa Kiptere, dume la ng'ombe lilichinjwa, na shemeji yangu Weldon ndiye alikuwa wa kwanza kushika mfupa. Mimi kunong'ona sijui. Nilimwambia mbele ya watu, "Weldon, daktari amesema hii kansa ya utumbo iliyomuua ndugu yako inaweza kufuata familia. Nyinyi ndugu mkapimwe. Tena amesema nyama nyekundu kila siku bila mboga inaongeza hatari." Akacheka mpaka mafuta yakamtiririka kidevuni. "Shemeji Tecla, mboga ni ya wanawake na mbuzi." Nikamwacha. Sikio la kufa halisikii dawa.

Hao ndugu wawili, yeye na Kipkosgei, walikuwa hivyo miaka yote. Majani ya chai yakishapimwa na kuuzwa, moja kwa moja mpaka bucha. Managu yangu, ile mboga chungu ya kienyeji, ilikuwa inalala kwenye sufuria, tunakula mimi na watoto.

Mvua ya Aprili ilipoanza, Weldon akaingia jikoni kwangu mchana. "Kuna managu?" Nikadhani ananichokoza. Nikampakulia na ugali, akamaliza yote, kesho yake akarudi, na siku zilizofuata. Bucha akaiacha kabisa. Jameni, nilijivuna! Kanisani niliwatangazia akina mama kwamba kifo cha Kipkosgei kimeokoa mmoja. Nilikuwa na furaha ya kweli, ya kwanza tangu mazishi.

Jirani yangu Jerusa, ambaye bwanake anafanya kazi kiwanda cha chai, akaniuliza, "Mbona shemeji yako anakonda hivyo?"

"Kwani ulitaka anenepe na mboga?" nikamjibu kwa ukali.

Halafu Alhamisi moja Weldon alipoinuka, nikaona damu kwenye stuli aliyokalia. Suruali nayo ilikuwa imelowa nyuma. Akaketi tena haraka, lakini nilikuwa nimeshaona.

"Imeanza lini?"

Akainamia sahani. "Kabla nianze kula kwako."

Hasira ilinipanda. "Mjinga wewe! Daktari alisema mkapimwe! Alisema mjifiche jikoni kwangu?"

"Kipkosgei alienda hospitali akitembea na miguu yake, akarudi kwa sanduku," akasema. "Nikitoka kwako, shemeji, narudi nyumbani na miguu yangu."

Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumkumbatia, na yote mawili ni aibu kwa shemeji. Mwishowe nikavuta kiti, nikamweleza polepole vile daktari alinieleza mimi. Mboga na maharagwe ni ya kukinga, na ilifaa waanze wakiwa vijana. Kitu kikishaota ndani, mboga haiwezi kuking'oa. Kesho asubuhi tungeenda hospitali pamoja, apende asipende.

Alinisikiza mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa. Kisha akanisogezea sahani, machozi yakimdondoka.

"Basi leo nipakulie nyingi," akasema.