Aina ya Kuku: Layers

Mgeni aliingia kwa lango la miiba bila kubisha hodi, simu mbele ya uso, akapiga picha kabla hajasalimu. Nalangu alikuwa amechutama na sinia la chakula, kuku wote wamemzunguka: wanane wa kahawia aliopewa na mradi, jogoo wa kienyeji, na kuku mweusi na vifaranga wake wanane wa miezi miwili.

"Takwenya, yeyo," kijana akamsalimu mama huyo kwa Kimaasai. "Naitwa Nick. Wa mradi wa kuku."

"Iko," akaitikia. "Mwenzako alisema mnakuja mwezi ujao."

"Alihamishwa. Mimi nakuja siku yoyote." Macho yake yalikuwa kwenye gunia ukutani. "Hii ni growers, ya kuku wanaokua. Si mlipewa layers mash, ya wanaotaga?"

"Nilibadilisha kwa duka la Musila, Kitengela."

"Yeyo! Mali ya mradi?"

"Ilikuwa inaua watoto."

Akamweleza bila haraka. Kuku mweusi alikuwa wa Beverlyne, mwalimu jirani, ambaye sasa alikuwa kwao Bungoma akimuuguza mama yake. Alimwazima Nalangu kuku huyo alalie mayai, vifaranga wagawane nusu kwa nusu. Wakaanguliwa kumi na wawili. Nalangu akawalisha layers mash pamoja na wakubwa, kama alivyoagizwa na mradi. Wakaanza kukaa chini, miguu imelegea, kinyesi cheupe. Wanne wakafa. Musila ndiye aliyemwambia kwamba chakula kile kimejaa chokaa ya kutengeneza ganda la yai. Anayetaga anaihitaji, mtoto inamharibu figo.

"Sawa. Na hawa wanaotaga, chokaa wanatoa wapi?"

Nalangu akaelekeza kidole kwenye sufuria kuukuu pembeni. Ndani mlikuwa na maganda ya mayai, yamekaangwa na kusagwa.

"Mbuzi akitaka magadi huyaendea mwenyewe. Hakuna mtu huyatia kwa maziwa ya mtoto. Hata hawa, chakula ni kimoja, ganda liko kando. Anayetaga anakuja, anadonoa, anaenda zake. Jogoo hata haangalii."

Nick akachukua yai moja kiotani, akaligonga kwa ukucha. "Wah! Enyewe ni gumu." Akacheka. "Mimi nimesoma kuku miaka minne, na hakuna mtu aliniambia mambo ya magadi."

"Hukuchunga mbuzi kwenu?"

"Nilichunga."

"Basi ulikuwa unalala."

Simu ikalia. Ilikuwa ofisi, na Nick akaiweka kwa spika.

"Nimeona picha uliyotuma," mtu akasema. "Fomu inasema aina ya kuku ni layers, chakula ni layers mash. Hao wengine awauze, ama wale hiyo hiyo. Asipotia sahihi, mtoe kwa listi."

Nick akatoa karatasi kwenye mkoba. Ilisema kwamba hadi Desemba kila kuku wa boma lile atakula chakula cha mradi tu, na ni marufuku kukibadilisha dukani. Atakayetia sahihi ataletewa Alhamisi kuku kumi wengine na roli moja ya waya. Nalangu akautazama ua wake. Mwezi uliopita nguchiro alipita katikati ya ile miiba na kuondoka na kuku wawili. Waya ungekuwa dawa yake.

"Tia tu sahihi, yeyo," Nick akasema kwa sauti ya chini. "Nani atajua?"

"Nikitia, nimeahidi sitabadilisha tena kwa Musila. Growers nitatoa wapi?"

Nick akawatazama vifaranga.

"Vifaranga wanne ni wa Beverlyne. Nilimwambia atawakuta."

"Ni kuku tu. Mwalimu ataelewa."

"Ataelewa. Lakini nilimwambia."

Kijana akashusha pumzi, akageuza karatasi. Nyuma palikuwa na sababu za kumtoa mtu: kuhama, kifo, wizi, kutotii. Kalamu yake ilizunguka juu ya maneno hayo kwa muda.

"Hakuna ingine," akasema, akaweka alama kwenye kutotii. Alipotoka alifunga lango la miiba vizuri.

Ndani ya gunia kilikuwa kimebaki chakula cha siku mbili. Nalangu akasubiri wanane wa kahawia wamalize kutaga, kisha akawakamata wawili waliokuwa wazito zaidi, akawafunga miguu, akapanda boda boda hadi Kitengela. Waithera wa hoteli aliwapapasa vifua, akasikitika.

"Mama, hawa si bado wanataga?"

"Wanataga."

"Na unawauza?"

"Nipe pesa, Waithera."

Dukani Musila alimwona akiwa mikono mitupu. "Leo hukuleta gunia la kubadilisha?"

"Leo nanunua."

"Lakini growers ilipanda Jumatatu."

Kuku wawili hawakutosha gunia zima. Musila akampimia kilo ishirini, akaongeza kopo moja juu.

Alikuwa amesimama kando ya barabara, mfuko begani, akitafuta boda boda ya kumrudisha nyumbani, Beverlyne alipopiga simu.

"Narudi Jumamosi, mama. Wale wangu bado wako?"

"Wako, wote wanne. Wamekua, hutawajua."

"Mungu akubariki! Na wale wako wa mayai, wanataga?"

Nalangu akauhamishia mfuko bega la pili.

"Wanataga," akasema.