Maradhi ya Bibi wa Kiingereza

Tangu wahamie Ufaransa, Gwyneth Purslow hakuwahi kupiga simu hata moja kwa Kifaransa. Simu zilikuwa kazi ya mumewe. Fundi wa boila, watu wa bima, ofisi ya meya, daktari wa meno, wote walimjua Desmond, na Desmond aliwajua wote. Gwyneth alikuwa na bustani yake, kuku wake, na redio ya Kiingereza jikoni. Wakienda dukani yeye alisema "habari za asubuhi" na "asante," akanyamaza. Desmond, aliyekuwa mwalimu wa michezo kule Shropshire na hakuona haya mbele ya mtu yeyote, akamalizia yaliyobaki.

Waliishi kwenye kitongoji cha nyumba chache za mawe katikati ya malisho ya mkoa wa Limousin. Majirani waliwapungia mkono kutoka mbali, lakini hakuna aliyewahi kubisha hodi. Watoto walioshuka kwenye basi la shule walipita langoni kwao kimya kabisa, kisha wakaanza tena kelele zao mbele. Mwanzoni jambo hilo lilimuuma Gwyneth. Baadaye alijiambia kwamba watu wa huku ndivyo walivyo, hawapendi wageni, akazoea.

Mwezi wa Oktoba, Desmond akiwa anapunguza miti ya uani, mkasi ulimdondoka na mdomo wake ukaenda upande. Kiharusi. Alirudi kutoka hospitali akiwa na fimbo, mkono wa kulia ukining'inia. Kiingereza chake kilirudi taratibu, neno baada ya neno, lakini Kifaransa hakikurudi. Kila asubuhi alikuja nesi aitwaye Séverine kumwogesha na kumpima presha. Alimsalimu na kumtania, naye Desmond alimtazama kama mtu anayesikiliza maji yakipita kwenye bomba.

"Hushiki hata kidogo?" Gwyneth alimuuliza.

"Hamna," Desmond alisema. "Kime... kimefutika."

Basi kazi zote zikamwangukia Gwyneth. Alijifunza kwamba duka la dawa hufungwa adhuhuri na halifunguliwi hata ukilia mlangoni. Alijifunza kutoa kadi ya kijani ya matibabu kabla hajaulizwa. Alijifunza kuendesha gari upande wa kulia wa barabara, ingawa kwa wiki nzima ya kwanza alifika mjini shati limemganda mgongoni kwa jasho. Binti yao, Tamsin, alipiga simu kutoka Leeds kila Jumapili.

"Mama, uzeni hiyo nyumba mrudi. Huko mko peke yenu."

"Nitafikiria, mwanangu."

"Kila wiki unafikiria."

"Na wiki hii pia."

Baridi ilipoanza kuuma, Gwyneth alikwenda bandani kuchungulia kuni, akakuta zimebaki za siku chache tu. Miaka yote Desmond ndiye aliyeziagiza. Alifanya mazoezi mbele ya kuku, kisha akapiga moyo konde na kuinua simu.

"Haloo! Mimi nataka kunguni," alisema kwa sauti kubwa.

Mwanamume aliyepokea alidhani hakusikia vizuri. "Unataka nini, Madamu?"

"Kunguni. Wakavu. Mimi na baridi kali hapa nyumba."

"Madamu, mimi nauza kuni. Kunguni ninao wa kwangu, lakini siuzi."

"Kuni! Ndiyo, kuni! Samahani sana. Kuni nyingi, mpaka baridi mwisho."

"Za jiko au za sehemu ya moto ya wazi?"

"Ndiyo," Gwyneth alijibu.

Mwanamume yule akacheka mpaka akakohoa. "Unakaa wapi, Madamu?"

"Kwa Purslow. Waingereza."

"Ahaa! Wewe ndiye mke wa Desmond? Yule mgonjwa?"

"Hapana. Mgonjwa Desmond. Mimi mzima."

Mtu wa kuni akasita kidogo, kama aliyetaka kuuliza jambo akajizuia. "Haya. Jumanne nitakuletea."

Gwyneth aliweka simu chini, akacheka peke yake jikoni. Hakulifikiria tena lile swali.

Jumanne lori lilimwaga mzigo nje ya lango, likaondoka. Rundo lilimfika kifuani. Alileta toroli, akaanza. Hajamaliza safari ya pili, ng'ambo ya barabara akatoka Odile Chabrat akisukuma toroli lake. Odile na mumewe Firmin walifuga kondoo. Alikuwa mama mnene, mwenye buti za mpira na mikono ya kuvuta mwana-kondoo kutoka tumboni mwa mama yake. Alipakia, akasukuma, akapanga. Walifanya kazi hivyo kwa muda mrefu, pumzi zao zikitoka kama moshi, hadi Odile akamsogelea na kunong'ona:

"Geuza gome lielekee juu. Mvua isiingie."

"Nini?"

Odile akanong'ona tena, pole pole zaidi.

"Mimi sisikii," Gwyneth alisema. "Kwa nini wewe sema kama mwizi?"

Odile alimtazama kwa huruma. "Kwa ajili ya kichwa chako, jirani."

"Kichwa changu kina nini?"

"Si una maradhi ya neva? Desmond alitueleza mwaka ule mlipohamia. Kelele zinakuumiza, na ukiwa kati ya watu wengi unaanguka. Sisi sote tunajua. Firmin wangu akifika kwenye kona yenu huzima trekta, anaiachia iteremke yenyewe hadi bondeni. Watoto nao tumewakanya."

Gwyneth alibaki na gogo mkononi. Alidhani Kifaransa chake kimemdanganya tena, akamwomba Odile arudie. Odile akarudia, akaongeza na mengine. Walimwalika Krismasi ya kwanza. Walimwalika kwenye harusi ya binti yao Anaïs. Kila Januari palikuwa na chakula cha wazee kinacholipiwa na ofisi ya meya, na kila Januari Desmond alijibu vilevile, kwamba anashukuru sana, lakini Gwyneth hawezi.

"Mimi sina maradhi," Gwyneth alisema. "Kichwa kizima. Neva nzima."

"Nzima kabisa?"

"Kabisa!"

"Mungu wangu!" Odile akapaza sauti, na sauti yake halisi ilikuwa ya kuita kondoo kutoka kilima cha pili. Kuku wakatawanyika. "Miaka yote nanong'ona kama mtu aliye kanisani, kumbe bure!" Alicheka akajipiga mapaja, kisha akaona uso wa mwenzake, akanyamaza.

"Lakini kwa nini?" Gwyneth aliuliza. "Desmond anajua Kifaransa sana. Angekuja yeye."

Odile aliketi kwenye toroli. "Dada yangu. Desmond anajua Kifaransa cha dukani. Misumari, mkate, mvua itanyesha, mvua haitanyesha. Ukimwambia jingine anacheka, anakupiga begani, anasema 'hasa, hasa.' Siku niliyomwambia mama yangu amefariki, alicheka akanipiga begani."

"Hapana!"

"Hasa, hasa," Odile alisema. "Sikukasirika. Nilijua hakuelewa. Sote tulijua, na tulimpenda hivyohivyo."

Kuni zilipokwisha kupangwa, Gwyneth alimshukuru jirani yake, akaingia ndani bila kuvua buti. Desmond alikuwa kando ya jiko na bakuli la supu.

"Des, ni nani mwenye maradhi ya neva katika nyumba hii?"

Alitazama mkono wake mbovu. Hakujifanya kutoelewa. "Odile?" aliuliza.

"Odile."

Maneno yalimjia kwa shida, nusunusu, na mara hii Gwyneth hakumsaidia hata moja. "Mezani... wanaongea wote. Pamoja. Mbio. Sikushika... kitu. Jasho tu. Ile mara ya kwanza, kwa meya. Nikaona... watanicheka."

"Ungeniambia."

"Wewe uli... uliniona hodari."

"Nilikuwa najifungia bafuni Krismasi nalia, Desmond. Nilidhani hawanitaki. Nilimwambia Tamsin kwamba watu wa hapa wana mioyo ya barafu. Kumbe walikuwa wanazima trekta kwa ajili yangu!"

Desmond akaanza kulia. Tangu augue alilia kwa jambo lolote, hata kwa tangazo la biskuti kwenye televisheni, kwa hiyo Gwyneth hakujua ayape machozi yale uzito gani. Alitoka kwenda kuwafungia kuku, akasimama kati yao hadi miguu ikafa ganzi.

Hakumtesa. Alimkatia nyama vipande vidogo kama kawaida, akampa dawa zake, akamvisha soksi zake za kubana. Ila kwa siku nyingi hawakuzungumza lolote zaidi ya dawa na soksi. Séverine, aliyeingia nyumba nyingi kila asubuhi, hakuhitaji kuambiwa.

"Mmenuniana?" aliuliza huku akifunga kile kipima presha.

"Ndiyo."

"Afadhali. Nikikuta mke anamwonea mumewe huruma tu, hapo ndipo naogopa."

Januari Odile alikuja, akagonga mlango kwa ngumi. "Jumapili ni chakula cha wazee! Nimekuandikisha, Gwyneth. Na huyu bwana hasa-hasa naye?"

Gwyneth alitafsiri, ila ule utani akauruka. Desmond alitikisa kichwa. "Sina hata neno moja sasa. Siendi."

"Basi mimi nitakwenda," Gwyneth alisema. "Séverine atakuja kukaa nawe."

Ukumbi ulikuwa wa joto na makelele. Alikalishwa kati ya Firmin na mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi posta, na kabla supu haijafika alikuwa amepotea kabisa. Watu walisema wote kwa pamoja, walicheka kabla hajajua kuna mzaha, waliulizana mambo juu ya kichwa chake. Jasho lilimtoka kwapani. Alitazama mlango. Hapo, bila kutaka, alimwona Desmond akilini mwake ameketi kwenye kiti kama kile, akitabasamu kwa taya zinazouma, miaka mingi iliyopita. Hasira yake haikwisha, ila ilipata mahali pa kukaa.

Yule mzee wa posta alimuuliza kitu, akasubiri jibu. Gwyneth angeweza kucheka na kumpiga begani. Badala yake alisema, "Sijaelewa."

Mzee akarudia.

"Bado."

Akarudia tena, safari hii akionyesha sahani. Alikuwa anataka kujua kama Gwyneth atamalizia kile kipande cha jibini. Gwyneth akampa. Mzee akala, akaridhika, na kwa saa zilizobaki za mlo ule akamweleza jinsi ya kuzuia fuko wasichimbe bustani, kila sentensi mara mbili au tatu.

Alirudi nyumbani jua likiwa limeelekea kuzama, harufu ya bata na mvinyo kwenye koti lake. Séverine alipoondoka, Desmond aliuliza, "Walisema nini?"

"Nusu yake sijui."

"Ukafanyaje?"

"Nilisema sijui."

Desmond alichokonoa kitambaa cha kiti kwa mkono wake mzima. "Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Wanarudia. Hawachoki, Des, wanapenda kusema."

Gwyneth hakumsukuma. Ila asubuhi iliyofuata, akiwa juu anatandika kitanda, alimsikia Séverine akimtamkisha neno, na Desmond akilivuruga, na Séverine akilirudia kwa subira ya mtu anayelipwa mshahara kwa subira yake. Ilikwenda hivyo wiki baada ya wiki. Tamsin alipopiga simu na kuuliza tena habari ya kuuza nyumba, mama yake alimwambia hapana, mwaka huu hawauzi, na kwamba aje mwezi wa saba na watoto, majirani wanataka kuwaona.

Jumatatu ya Pasaka walivuka barabara pamoja, Desmond na fimbo yake, kwenda kula kwa Odile. Meza ilijaa wakwe na binamu. Firmin alimkalisha Desmond pembeni yake na papo hapo akaanza kumsimulia kisa kirefu cha kondoo dume aliyevunja uzio. Desmond alisikiliza akiwa amekunja uso. Kisa kilipofika mwisho, wote wakacheka. Yeye hakucheka. Aliinua mkono wake mzima, na meza ikatulia.

"Sija... sijaelewa," alisema kwa Kifaransa.

"Hukuelewa wapi?" Firmin aliuliza.

Desmond akafikiri, akamtazama Gwyneth, naye akatafsiri swali. "Mwambie, kote."

Firmin akavuta kikebe cha chumvi kuwa kondoo dume, akapanga uma kuwa uzio, akaanza upya kutoka mwanzo.