Koti la Baba

Kaka yangu Wannes alijipatia jina kwa kumchafua baba yetu. Riwaya yake ya kwanza ilihusu fundi wa kiwanda cha nyuzi anayempiga mkewe, na mji wetu wote wa Aalst, huku Ubelgiji, ukajua ni nani. Baba alishakufa, angejibu vipi? Huko Brussels walimpa Wannes tuzo. Mimi nikapewa macho ya huruma kila nikienda kununua mkate. Baba huyohuyo alinibeba mabegani kila mwaka kwenye maandamano ya kanivali! Nilimchukia Wannes, sifichi.

Akaandika nyingine mbili, akajifunza kutengeneza filamu, akasifiwa tena. Mwaka huu akaja na taa na kamera ili riwaya ile ya kwanza aigeuze filamu, jikoni kwa Mama, na Mama akakubali.

"Ni hadithi tu, Godelieve," Wannes aliniambia. "Si Baba."

"Si Baba? Basi mvue huyo bwana koti la Baba!"

Mwigizaji aliyevaa koti hilo akaangalia chini.

"Dada, unatuchelewesha," Wannes alisema.

"Mimi ndio nawachelewesha? Umemfukua mtu kaburini uje umtukane mbele ya mkewe! Toa tu hilo kofi analompiga mkewe. Litoe, nami nitanyamaza."

"Halitoki."

"Basi pigeni picha mimi nikiwa hapa hapa!" Nikasimama mbele ya kamera, mikono kiunoni.

Mama aliacha viazi alivyokuwa akimenya, akaja kunivuta. Nyuma yetu mwigizaji alikuwa akijizoeza, akainua mkono. Mama akamwona. Alifunika uso kwa kiwiko, akageukia ukuta, akajikunja, upesi kama mtu aliyezoea. Hakuna aliyekuwa amemfundisha.

Mwigizaji alishusha mkono, akaomba radhi. Wannes akaizima kamera mwenyewe.

"Ulikuwa unajua?" nilimuuliza.

"Chumba changu kilipakana na jiko. Wewe ulikuwa ukilala kwa bibi, ng'ambo ya barabara."

Hasira haikunitoka, ilikosa tu pa kwenda. Nikamgeukia Mama, nikamfokea mbele ya watu wote: "Miaka yote nimepigana na mji mzima kwa ajili ya Baba, na wewe umekaa kimya! Kwa nini?"

Mama alikuwa bado ameegemea ukuta.

"Ulikuwa unampenda sana, mwanangu," alisema. "Ningekwambiaje?"