Siku Nne za Kumtoa Diriye

Kaka yangu Diriye alipigwa risasi Alhamisi asubuhi, kupitia nondo za dirisha la kuuzia la duka letu, akiwa na nusu mkate mkononi. Waliompiga walivunja mlango, wakaingia. Majirani nao wakafuata, walewale waliotuita "rafiki" miaka yote kwa kuwa hawakuwahi kuuliza majina yetu, wakabeba unga, mafuta na friji. Adhuhuri mmoja wao akanijia kuuliza tutafungua lini, maana duka jingine liko mbali.

Kwetu maiti haicheleweshwi. Nilitaka awe ardhini kabla ya magharibi. Lakini polisi walimpeleka chumba cha maiti cha serikali, na huko hatolewi mtu ila kwa ndugu mwenye karatasi.

Ijumaa niliambiwa daktari bado hajampasua. Jumamosi na Jumapili palifungwa. Jumatatu nilifika na ami Samatar kabla mlango haujafunguliwa, nikampa karani kibali changu cha ukimbizi na cha Diriye.

Alivitazama kwa muda. "Wewe umezaliwa Januari mosi. Yeye Januari mosi, mwaka huohuo. Mapacha?"

Nikasema hapana, amenizidi miaka minne.

"Ila mama ni mmoja."

"Mmoja."

"Basi huyo mama siku hiyo alikuwa na kazi."

Watu kwenye foleni wakacheka.

Kosa lilikuwa langu. Nyumbani hakuna aliyeandika siku tuliyozaliwa. Diriye alitangulia kuja Afrika Kusini, akaandikiwa Januari mosi kama wenzetu karibu wote. Nilipofika mimi niliogopa kuteleza kwenye ofisi ya wakimbizi, nikakariri majibu yake yote, hata mwaka. Penye jina la ukoo yeye alikuwa ametaja la baba; mimi mkalimani akaniambia nitaje la babu. Kwetu ni sawa tu. Kwa karani tulikuwa watu baki walioazimana tarehe.

Ami Samatar, kwa kutaka kusaidia, akatoa kibali chake. Nacho Januari mosi. Foleni nzima ikaangua kicheko. Karani akaturudishia karatasi zetu, akasema twende ubalozini kwetu. Nikamweleza kwamba ubalozi uko Pretoria, safari ya siku nzima, na marehemu anangoja tangu Alhamisi. Akasema hapo ndani hakuna anayelalamika, akamwita anayefuata.

Tulikuwa tumekaa nje ukutani alipokuja Mama Nozuko, mwenye ua tulimopanga duka. Hatukumwita. Alisikiliza yaliyotukuta, akachukua kibali cha Diriye mkononi mwangu, akaingia. Nikamfuata.

"Nimekuja kumchukua mwanangu," alimwambia karani, akaweka kitambulisho chake juu ya meza.

"Mama, tangu lini umezaa Msomali?"

"Tangu aanze kula kwangu. Miaka tisa. Wewe kwa mama yako umekula lini mara ya mwisho?"

Karani akachukua fomu. Penye uhusiano akaandika "mama", akagonga muhuri. Haikufika dakika kumi. Mimi nilisaini chini kabisa, kwenye mstari wa dereva.

Nilipaswa kumshukuru, na nilimshukuru, lakini sikuweza kumtazama usoni. Friji yetu ilikuwa kwa mpwa wake, mtaa wa nyuma, na alijua kwamba najua. Njia nzima alikaa mbele garini, mkoba mapajani, akinielekeza barabara zisizo na mashimo ili Diriye asitikisike.

Tulimwosha, tukamswalia, tukafika makaburini baada ya alasiri. Imamu akauliza nani wa karibu zaidi ashuke kumpokea. Nikavua viatu nikashuka. Hakuna aliyeniuliza karatasi. Waliponiteremshia, mwili ndani ya sanda bado ulikuwa na baridi ya siku nne, na ilinichukua muda kumgeuza aelekee kibla.