Fundi Saa Aliyeyakimbia Mafuta

Mtaa mzima ulimwita Mzee Dakika. Alikuwa fundi saa, mtu wa kipimo, na kibanda chake kilifunguliwa saa mbili kamili, mvua inyeshe isinyeshe. Alichokiamini alikiamini mzimamzima, wala hapakuwa na nusu kwake.

Basi kaka yake alipoanguka mezani akafa, moyo umesimama ghafla, Mzee Dakika aliingiwa na hofu asiyowahi kuijua. Marehemu alikuwa mlaji wa nyama nono, na mkate aliupaka siagi pande zote mbili. Hazikupita wiki tatu tangu mazishi, mdogo mtu akaenda kupima damu.

"Mafuta kwenye damu yamepanda kidogo, mzee," daktari alimwambia. "Jitahidi kuyapunguza kwenye chakula."

Yeye hakusikia "punguza." Alisikia "kimbia."

Siku hiyohiyo alibeba chupa ya mafuta ya kupikia akampelekea jirani. Siagi ikafuata, kisha maziwa, mayai, karanga, samaki. Alipofika kwenye parachichi, mkewe alishika kiuno.

"Baba watoto, hilo nalo limemuua nani?"

"Lina mafuta. Nimesoma."

"Hata mimi nina mafuta. Utanipeleka kwa jirani?"

Hakucheka. Kuanzia hapo chakula chake kikawa wali mkavu, maharage ya kuchemsha, mboga za majani zilizopita kwenye maji ya moto, na karoti. Mkewe akawa anajipikia chungu chake pembeni, na harufu ya kitunguu kikikaangwa ikisambaa nyumbani, mzee huyo alitoka nje kama aliyefukuzwa.

Mwanzoni alijisifu. Mkanda uliingia matundu mawili, akapita mtaani kifua mbele. Lakini baada ya miezi sita shati lilimning'inia kama limetundikwa kwenye msumari. Alihisi baridi watu wengine wakijipepea. Ngozi ilimkauka, ncha za vidole zikapasuka, na kila alipogusa spiriti ya kusafishia vyuma alikunja uso. Kilichomtisha zaidi ni macho. Mchana aliona vizuri, ila jua likianza kuzama tu, meza yake ya kazi ilizama nayo. Jioni moja skrubu ndogo kama punje ya ufuta ilimponyoka. Alipiga magoti, akapapasa sakafu kutoka pembe hadi pembe, akaambulia vumbi.

Pale chini, magoti yakiuma, alijitolea hukumu mwenyewe. Kwa mawazo yake ilikuwa saratani, hapakuwa na kingine. Ilikuwa inamla kutoka ndani, na kabla ya kummaliza ingemnyang'anya macho. Hakumwambia mtu. Kesho yake alikata vipande vya karatasi, akaanza kuvibandika kwenye vijisanduku vya vifaa.

Mkewe alivikuta alipomletea chai mchana. Alisoma kimoja kwa sauti: "Koleo ndogo. Apewe binti yetu mkubwa." Akasoma cha pili. Cha tatu hakukimaliza. Alivuta kiti cha wateja akakaa.

"Unaenda wapi, baba watoto?"

Fundi saa aliinamia meza. "Nadhani nimekwisha, mama watoto."

"Nani kakwambia?"

"Niangalie."

Alimwangalia, machozi yakamlenga, lakini sauti ikatoka kavu. "Funga kibanda. Twende hospitali sasa hivi."

Kilifungwa saa saba na robo, jambo ambalo mtaa haukuwahi kuliona.

Walichukua damu, wakampiga picha, wakampima macho, wakamwambia arudi siku ya tatu. Siku hizo mbili aliziishi roho ikiwa mkononi. Siku ya tatu daktari alifungua faili polepole mno, kwa maoni ya Mzee Dakika, akasoma hadi mwisho.

"Uvimbe hakuna. Moyo mzima, ini zima, sukari iko sawa. Kinachoonekana ni kwamba vitamini A imeshuka sana, na uzito pia. Nataka umwone mtaalamu wa lishe, chumba cha pili."

Mtaalamu wa lishe alikuwa dada wa umri wa binti yake wa mwisho. Alimwamkia, kisha akamuuliza jana alikula nini. Akaambiwa. Na juzi? Vilevile. Na mwezi uliopita?

"Vilevile," alidakia mkewe. "Muulize mara ya mwisho tone la mafuta lilipita kooni mwake."

"Miezi minane," alisema mzee, kwa fahari kidogo.

Yule dada aliweka kalamu chini. "Baba, nani alikuambia uache kabisa?"

"Daktari... alisema nipunguze. Lakini kaka yangu alikufa ghafla kwa nyama nono na siagi, nikaogopa."

Mkewe aligeuza kiti akamtazama.

"Mwili hauwezi kuishi bila mafuta," dada alieleza taratibu. "Ngozi inayataka, yanaupa mwili nguvu, na kuna vitamini ambazo bila mafuta mwili unashindwa kuzichukua vizuri. Umekula karoti zote hizo, sehemu kubwa imepita tu. Marehemu kaka yako alizidisha, tena mafuta ya nyama na siagi. Hayo endelea kuyawekea mpaka. Lakini samaki, karanga, parachichi, kijiko cha mafuta ya mimea kwenye mboga, hivyo ni vyako. Nitakupa na dawa ya vitamini."

"Kwa hiyo sifi?"

"Si kwa hili, baba."

Fundi saa alifunua mdomo, ukatoka mlio ambao mkewe aliudhani kilio. Kumbe kicheko. Alicheka hadi akashika meza, mkewe naye akaangua, na yule dada, aliyejaribu kuweka heshima ya ofisi, akashindwa. Walitoka wakifuta macho, watu kwenye benchi la foleni wakiwatazama wasielewe.

Nyumbani mkewe alichoma samaki, akamwekea na vipande vya parachichi. Mzee alitafuna tonge la kwanza amefumba macho.

"Vipi?" mkewe akauliza.

"Subiri kwanza," alisema, akavuta sahani karibu. "Usiniharakishe."

Wiki zilivyokwenda vidole vilipona, mashavu yakarudi. Jioni moja walikuwa wamekaa mlangoni, mwanga ukififia, alipomnyooshea kidole mwanamke aliyekuwa akianua nguo ng'ambo ya barabara.

"Kanga ile ina maua mekundu," alisema.

Mkewe alitazama. "Yapo."

"Na kibanio kimoja cha nguo kimeanguka pale karibu na ndoo."

"Basi kamwokotee," mkewe alisema, na yeye akainuka akaenda.